Kinywa kitakauka, na hilo linajulikana mapema: kwa nini mgonjwa wa Bunagana haambiwi?

BUNAGANA, Rutshuru – Mgonjwa wa kansa ya koo anapotoka hapa kwenda kutafuta mashine ya mionzi, njia nzima ni maswali. Kwenye mpaka anaulizwa karatasi. Kisoro anaulizwa nauli. Akifika Kampala anaulizwa picha, vipimo vya damu, barua ya munganga aliyemtuma, na nani atalipa. Yeye mwenyewe ana swali moja tu: nitapona? Anajibiwa, kwa vizuri au kwa vibaya. Lakini kuna jambo la pili ambalo wanganga wanaweza kulijua kabla ya siku ya kwanza ya matibabu, na mara nyingi mgonjwa analifahamu likiwa limeshamkuta. Baada ya mionzi mate yake yatapungua, na kwa wengine yatakauka kwa miaka, hata maisha yote.

Kunyamaza juu ya jambo hilo ni kosa, na ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa kalamu na karatasi.

Kuna watakaosema: watu wamekimbia nyumba zao, mashamba yamelala, chakula ni cha kuhesabu, na leo mtu anakuja kuzungumzia mate? Ndiyo, mate. Anayesema hivyo ajaribu kumeza tonge la bugali bila mate hata tone moja. Tonge linashika kwenye kaakaa kama udongo wa ukuta. Maharagi yanabaki kama mchanga. Mtu anakula kwa saa nzima kile alichokuwa anamaliza kwa dakika kumi, na mbele ya watoto anaona haya, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Usiku anaamka mara nne, mara tano, ulimi umegandana na meno. Asubuhi sauti haitoki. Baada ya miezi michache meno yanaanza kuoza pale karibu na ufizi, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa jino. Uvimbe umekwisha, mtu anaitwa mzima, lakini anakonda.

Na hapa kwetu mtu anayekonda bila sababu kujulikana, majirani hawanyamazi. Goma na Bukavu neno la karuho linatoka kinywani haraka kuliko neno la mionzi. Familia ambayo haikuambiwa kwamba mashine iliyoua kansa ndiyo imekausha na mate, itatafuta aliyemlisha mgonjwa sumu. Itampata, kwa sababu anayetafuta mtu wa kulaumiwa huwa hamkosi.

Ni lazima kusema kwanza hali ilivyo. Kivu ya Kaskazini haina mashine hata moja ya mionzi ya kutibu kansa. Kinshasa ni mbali, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwezi Januari 2025, wakati M23 walipouchukua mji. Kwa mkaaji wa Bunagana, mji ambao wenyewe ulichukuliwa tarehe 13 Juni 2022, njia zilizobaki ni mbili. Ya kwanza ni Kampala, karibu kilomita 500 kwa kupitia Kisoro, Kabale na Mbarara. Ya pili ni Kigali, ambako hospitali ya kijeshi ya Kanombe ilianza kutoa mionzi mwaka 2019. Waliokimbilia Uganda mwaka ule wa 2022, wakapita Nyakabande na kupelekwa Nakivale, wao tayari wako upande wa Kampala, lakini kuwa karibu na barabara si kuwa na nauli.

Kampala nayo imepitia yake. Taasisi ya Kansa ya Uganda, pale Mulago, ilianzishwa mwaka 1967. Kwa muda mrefu ilikuwa na mashine moja tu ya mionzi, ya kobalti, na mwaka 2016 mashine hiyo ikafa kabisa. Nchi nzima ikabaki bila kitu, pamoja na wagonjwa waliokuwa wanavuka kutoka Kongo, Rwanda na Sudani Kusini. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu Waganda 400 bila malipo. Mashine mpya, ya kobalti pia, iliyotengenezwa India, ilizinduliwa Januari 2018, na baadaye zikafuata mashine za kisasa zaidi.

Historia hiyo inaeleza kwa nini watu walizoea kunyamaza. Wakati mashine ni moja na foleni ni ndefu kama ya maji, mgonjwa aliyepata nafasi anashukuru Mungu na kuondoka. Nani atauliza habari ya mate? Munganga naye anaona amefanya makubwa. Mwaka 2016 mtu angeelewa. Leo mashine zipo, picha za kompyuta zipo, elimu ipo, na mazoea ya foleni bado yanatawala midomo ya watu.

Sasa wanganga wanajuaje mapema?

Mtu mzima anatoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kila siku. Yanatoka kwenye tezi. Kubwa zaidi ni mbili, moja mbele ya kila sikio. Ndizo zinazovimba mtoto akishikwa na matumbwitumbwi. Hizo zinafanya kazi kubwa wakati wa kula. Chini ya taya kuna nyingine mbili, na hizo ndizo zinazolowesha kinywa wakati mtu ametulia au amelala. Chini ya ulimi kuna ndogo zaidi, na nyingine ndogo sana zimetawanyika kwenye midomo na mashavu. Mionzi inapoelekezwa kwenye uvimbe wa koo, wa ulimi, wa nyuma ya pua au kwenye vinundu vya shingo, inapita humo humo. Tezi za mate hazivumilii mionzi. Katika wiki ya kwanza tu mate yanaweza kupungua karibu nusu, wakati mgonjwa bado anadhani hajaanza kuumia.

Mionzi ina kipimo chake kama maji yalivyo na lita. Kinaitwa gray. Kwa kansa nyingi za kichwa na shingo mgonjwa anapewa karibu gray 70: gray 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki saba. Swali ni moja: katika hizo 70, ngapi zinaangukia tezi? Mwaka 2010 wataalamu walikusanya hesabu za utafiti wa miaka mingi wakapata mstari ambao hadi leo unatumika. Kama tezi moja ya sikio inabaki chini ya wastani wa gray 20, au zote mbili chini ya 25, ukavu mkali kwa kawaida unaepukwa. Wastani ukipita 40, tezi kwa kawaida inapoteza zaidi ya robo tatu ya kazi yake. Kati ya hapo, mtu anapoteza kidogo kidogo kadiri kipimo kinavyopanda.

Utabiri wenyewe ndio huo, hauna uganga ndani yake. Anayepanga matibabu anaziona tezi kwenye picha, anaona kipimo kinachoziangukia, anajua.

Wazungu wamekwenda mbali zaidi. Uingereza walichukua wagonjwa 94. Nusu walipigwa mionzi kwa njia ya zamani, nusu kwa mashine inayoweza kukunja mionzi izunguke tezi. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Baada ya mwaka mmoja, waliosumbuliwa na ukavu kwa njia ya zamani walikuwa 74 kwa kila 100, na kwa njia mpya 38. Baada ya miaka miwili, 83 kwa 29. Na kansa haikurudi zaidi kwa sababu ya kuziokoa tezi. Uholanzi, watafiti wa Groningen walionyesha mwaka 2012 kwamba mambo mawili yanatabiri vizuri nani atalalamika miezi sita baadaye: kipimo kinachoangukia tezi ya sikio ya upande usio na uvimbe, na kama kinywa cha mgonjwa kilikuwa tayari kikavu kabla ya kuanza. Huko leo hesabu za namna hiyo zinaamua nani apelekwe kwenye mashine ya protoni, mashine ya gharama kubwa sana. Hapa kwetu hesabu hiyo hiyo haiamui hata nani apewe chupa ya maji.

Jibu linalosikika ni moja: sisi hatuna kompyuta hizo, hatuna protoni, hatuwezi kutabiri.

Jibu hilo linashangaza, kwa sababu mambo ni kinyume. Anayehitaji hesabu ngumu ni yule mwenye mashine ngumu. Yeye anaweza kuiokoa tezi moja na kuitoa nyingine, anaweza kukunja mionzi huku na huku, kwa hiyo mwisho wake hauonekani kwa macho. Lakini pale mashine ni ya kawaida, na mionzi inapigwa kutoka shavu la kulia na shavu la kushoto ikipita katikati, na tezi zote mbili za sikio ziko ndani ya uwanja wa mionzi, hakuna cha kukokotoa. Kinywa kitakauka. Kadiri vifaa vinavyokuwa duni, ndivyo utabiri unavyokuwa rahisi. Munganga aliyechora alama kwenye ngozi ya mgonjwa ameshaona kama tezi ziko ndani au nje ya mstari. Kilichobaki ni kumwambia mwenye tezi.

Na hata kile kipimo cha pili cha Waholanzi, kinywa kilivyokuwa kabla, hakihitaji umeme. Kinahitaji kikombe, saa na bomba la sindano lisilo na sindano. Mgonjwa anakaa ametulia, hali, hatafuni, anaacha mate yajikusanye na kuyatema kwenye kikombe kwa dakika tano. Yanavutwa kwenye bomba na kusomwa. Wengi wanafikisha mililita moja na nusu au zaidi. Yasipofika nusu mililita, kinywa hicho tayari ni kikavu, na mionzi itakikuta hakina akiba. Mfiriji yeyote wa kituo cha afya cha Jomba angeweza kufanya hivyo huku mgonjwa akingoja karatasi ya transferi. Kuna pia swali la bure kabisa: Mama, usiku unaamka kunywa maji? Bugali inapita bila mchuzi? Na dawa unazomeza kila siku ni zipi? Maana dawa nyingine, za presha, za mzio, za usingizi, zinakausha kinywa zenyewe.

Utabiri si hukumu, hilo lisemwe wazi. Watu wawili waliopata kipimo kile kile wanaweza kuachana: mmoja mate yakarudi nusu baada ya mwaka mmoja au miwili, mwingine yasirudi. Hesabu nyingi zilitengenezwa kwa wagonjwa wa Ulaya, wenye meno yao, chakula chao na mabomba yao ya maji. Lakini mkulima wa Jomba naye hajui kwa hakika mvua itanyesha lini, na bado analima Septemba. Hangojei uhakika ndipo atafute mbegu.

Kuna hoja nyingine, na inatoka kwa watu wenye moyo mwema. Wanasema: ukimwambia mgonjwa mambo hayo atatishika, atakataa matibabu, atarudi nyumbani kufa. Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwa sababu anayeitoa anataka mgonjwa aishi. Lakini tazama inavyokwenda kwa kweli. Mgonjwa ambaye hakuambiwa anaanza kwa matumaini. Wiki ya tatu kinywa kinawaka, mate yamekuwa mazito kama gundi, chakula hakina ladha. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni njia inayojulikana. Anaamua mwenyewe kwamba mashine inamuua, anapanda basi la Kisoro. Kansa za kichwa na shingo hazisamehe mapumziko: matibabu yakikatwa katikati au yakirefushwa, nafasi ya kupona inashuka. Anayetishika na kukimbia ni yule aliyeshtukizwa. Mtu aliyeambiwa, «Mzee, wiki ya kwanza mate yatapungua, wiki ya tatu kinywa kitauma sana, usiache, njoo utuambie,» huyo wiki ya tatu ikifika anasema, kumbe ni kile walichosema. Anabaki.

Watu wa Bunagana wamezoea habari mbaya. Wamelala porini, wamevuka mpaka usiku na watoto mgongoni. Kuwaona kama hawawezi kubeba neno moja juu ya mate yao ni dharau, hata ikiwa imevikwa huruma.

Kuna jambo ambalo ukimya unaliharibu kuliko mengine yote, nalo ni meno.

Mate ndiyo yanayolinda meno. Yanaosha, yanapunguza ukali, yanarudisha madini kwenye jino kila saa. Yakikauka, meno yanaoza haraka sana. Jino likioza linauma, na linapouma mtu wa kwetu anafanya nini? Anakwenda kulitoa. Anakwenda kwa munganga wa meno kama yupo, au kwa yule wa sokoni mwenye koleo. Kwa mtu mwingine ni jambo la asubuhi moja. Kwa mtu ambaye taya lake lilipigwa mionzi, ni hatari kubwa. Mfupa uliopata kipimo kikubwa hauna tena damu ya kutosha ya kuponya kidonda. Shimo la jino halifungi. Mfupa unaanza kufa, unatokeza ndani ya kinywa, unanuka, wakati mwingine taya linavunjika lenyewe. Hatari hiyo haiishi baada ya mwaka mmoja. Inabaki miaka mingi, hata mtu akiwa amesahau Kampala ilivyo.

Dawa yake ni kutangulia. Meno yaliyooza yatolewe kabla ya mionzi, na shimo lipewe wiki mbili au tatu kupona ndipo mashine ianze. Yanayobaki yalindwe kwa dawa ya meno yenye floridi, kila siku, bila kuacha. Hayo yote ni kazi ya hapa, ya Rutshuru au ya Goma, kabla mgonjwa hajapanda basi. Inafanyika tu ikiwa mtu ametabiri kwamba kinywa kitakauka. Asiyetabiri anapeleka Kampala mgonjwa mwenye meno saba mabovu, na huko moja kati ya mawili yatatokea: matibabu yacheleweshwe wiki tatu huku mgonjwa akilala kwenye veranda, au yaanzwe hivyo hivyo na shida irudi Bunagana baada ya miaka miwili ikiwa ndani ya mfupa.

Baada ya meno ni maji. Mashirika ya msaada yana kipimo chao kinachojulikana: lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini, za kunywa, kupika na kuoga. Waliowahi kuishi Kanyaruchinya au Bulengo wanajua wenyewe kama bidoni ilikuwa inafika. Mtu mwenye kinywa kikavu anahitaji maji safi karibu naye usiku na mchana, funda moja moja, kila robo saa. Hawezi kungoja zamu ya bomba. Na lazima yawe safi kweli, kwa sababu kinywa kisicho na mate kina vidonda na utando mweupe wa fangasi, na huku kwetu maji machafu ni njia ya kipindupindu. Anahitaji pia maji ya kusukutua: lita moja iliyochemshwa, kijiko kidogo cha chumvi na kijiko kidogo cha bikabonati, ile ile wanayotia wapika mandazi. Gharama yake ni ndogo sana. Lakini kwenye orodha ya vifaa vya familia hakuna anayeiandika, kwa kuwa hakuna aliyeambiwa kwamba kuna mtu kwenye hema lile anayeihitaji.

Na chakula. Msaada unapokuja ni unga wa mahindi, maharagi, mafuta, chumvi. Mafuta ni mazuri kwa kinywa hicho. Unga na maharagi bila mchuzi wa kutosha ni mateso. Mtu huyo anaweza kula uji, viazi vilivyopondwa na maziwa, sombe lenye mafuta ya kutosha, avoka, papai lililoiva, ndizi za kupika zilizolowa mchuzi. Sambaza wakavu awasahau, au awasage watiwe kwenye uji. Hivi vyakula Kivu inavyo. Lakini vinataka pesa au shamba, na mkimbizi ana kile alichopewa. Uganda, tangu 2023, WFP inagawa msaada kwa wakimbizi kwa makundi, kulingana na uhitaji wa kila mmoja. Mwanaume anayetembea mwenyewe, anayejibu maswali, asiye na kidonda kinachoonekana, anaandikwa wapi? Ukavu wa kinywa hauonekani na mtu aliyekaa nyuma ya meza. Unaonekana tu kama kuna karatasi inayosema: huyu alipigwa gray 70 pande zote mbili za shingo, hataweza kumeza chakula kikavu, labda kwa maisha yake yote.

Hapo ndipo kelele zote hizi zinaelekea, kwenye karatasi.

Nani kati ya wasikilizaji amewahi kumwona mgonjwa akirudi kutoka kwenye mionzi na karatasi ambayo mfiriji wa kijiji anaweza kuisoma? Kampala wanaandika Kiingereza. Mfiriji wa Rutshuru alisoma kwa Kifaransa. Mgonjwa na mke wake wanazungumza Kiswahili na Kinyabwisha. Mtu anavuka mpaka akiwa amebeba habari za taya lake mwenyewe ndani ya bahasha, na kutoka mgonjwa hadi jirani hakuna anayeweza kumfungulia. Halafu vita vinakuja, nyumba inaachwa na bahasha ndani yake. Waliotawanywa kutoka kwenye kambi za Goma mwezi Februari 2025 wengine walibeba sufuria na mtoto tu.

Karatasi inayotakiwa si ya kurasa kumi. Ni mistari michache kwa Kiswahili, mikubwa, ya kubandikwa ndani ya jalada la kitabu cha afya, na nakala moja ibaki kwa ndugu mwingine: kipimo kilikuwa gray ngapi, upande gani au pande zote, kimalizike tarehe gani, tezi za mate zilikuwa ndani ya mionzi au nje, inatazamiwa mate yapungue kiasi gani, asitolewe jino bila munganga wa meno kuijua karatasi hii. Anayepanga matibabu ana majibu hayo yote mezani kwake siku ya kwanza. Kumnyima mgonjwa ni kumnyima kitu chake.

Wanganga wanaosaini transferi hapa nao wasijifiche nyuma ya Kampala. Wao ndio wanaomwona mgonjwa wa kwanza na wa mwisho. Wanaweza kupima mate, kutazama meno, kuandika swali kwenye barua: tunaomba mtujulishe kipimo cha tezi za mate. Swali lililoandikwa linadai jibu lililoandikwa. Mashirika yanayolipia usafiri wa wagonjwa wa kansa yanaweza kutia kwenye bajeti hiyo hiyo dawa ya meno yenye floridi ya mwaka mmoja na chupa ya maji yenye kifuniko. Ukilinganisha na nauli ya basi peke yake, ni kidogo.

Na wakubwa wa nchi wasikilize pia. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha mpango wa kupeleka tiba ya mionzi katika nchi zisizo nayo ya kutosha, na Kongo imo kati ya nchi saba za kwanza. Siku mashine itakapofika mashariki, watakata utepe na kupiga picha. Mtu aulize pale pale: mashine hii inaweza kuzunguka tezi za mate, au inapiga shavu kwa shavu? Kuna mpango wa picha wa kompyuta? Kuna munganga wa meno kwenye jengo hilo? Kununua mashine inayoweza kuokoa tezi halafu kukosa mtu wa kuzichora tezi hizo kwenye picha ni sawa na kununua lori bila dereva.

Kwa waliokwisha kupigwa mionzi na sasa wanaishi na kinywa kikavu, Bunagana, Rutshuru, Goma au Nakivale: muda wa kutabiri umepita, lakini mengine bado. Pigeni meno mswaki kwa dawa yenye floridi asubuhi na usiku. Acheni pipi na soda za sukari za kulowesha kinywa, zinamaliza meno; maji tu, funda dogo dogo. Tumbaku na pombe kali vinakausha zaidi. Utando mweupe ukitokea, unatibika, msiuache. Kuna dawa inaitwa pilokarpini, ambayo Marekani iliruhusiwa kwa ukavu huu mwaka 1994. Inasaidia wale ambao tezi zao bado zina uhai kidogo, lakini haimfai kila mtu, hasa mwenye asima, kwa hiyo ni ya kuulizia kwa munganga na si ya kununua sokoni. Jino likiuma, kabla ya mtu yeyote kushika koleo, mwambieni kwamba taya hilo lilipigwa mionzi. Na kama bahasha ya Kampala bado ipo, itafutieni mtu anayesoma Kiingereza, aiandike kwa Kiswahili nyuma ya ukurasa huo huo.